Uliharisha lini? Goti la baba mdogo na historia ya ziwa letu

Nilikuwa nyumbani Ujiji kwa likizo fupi, na nilikwenda na nia moja tu: kulala, kula migebuka na kusahau simu ya mhariri. Migebuka nimekula. Hayo mengine mawili yameshindikana, na sababu yake ni goti.

Nilipofika nilimkuta baba mdogo amekaa barazani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, goti limevimba kama boga dogo. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Usiniguse mguu tu."

Mzee huyu ni mvuvi wa dagaa. Tangu nipate akili sijawahi kumkuta nyumbani usiku wa giza. Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu taa zao hazina kazi mbalamwezi ikimwagika juu ya maji. Usiku ule hapakuwa na mwezi. Ukitazama ziwani unaona taa zimejipanga kama mji mwingine uko ng'ambo, na yeye yupo barazani anahesabu taa za wenzake. Ana miaka 38. Nikamwuliza imekuwaje.

Kila mtu pale nyumbani alikuwa na jibu lake. Muuza duka la dawa alisema ni macho mekundu yanayozunguka mjini, akampa matone. Shangazi alisema ni malaria imeingia kwenye mifupa, akanywa dozi nzima bila kupima. Majirani walisema kwa sauti ya chini kwamba amekanyaga kitu. Nyie wa Dar mnatutania sana kuhusu Kigoma na radi, na sisi wenyewe tunajitania kuliko nyie. Lakini utani huisha pale mtu anapoona ndugu yake anatambaa kwenda msalani. Kwa hiyo aliitwa fundi, akamchanja chale kuzunguka goti. Nilizihesabu: 14.

Na kulikuwa na jibu la nne ambalo hakuna aliyelisema mbele yangu siku ile. Mama mdogo alikuwa haongei na mumewe. Chakula anapika, maji ya kuoga anapeleka, lakini neno hatoi. Nilidhani ni uchovu wa kuuguza.

Kesho yake tukakodi bajaji tukampeleka hospitali. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka miwili mitatu. Alilitazama goti, akatazama kifundo cha mguu wa kushoto ambacho nacho kilikuwa kimevimba kidogo bila sisi kugundua, akabonyeza kisigino na baba mdogo akaruka. Akatazama jicho. Halafu akavuta kiti, akauliza swali ambalo lilinishangaza:

"Baba, kabla ya haya yote, uliharisha lini?"

Baba mdogo akacheka. "Daktari, mimi naumwa goti."

"Najua. Uliharisha lini?"

Ikabidi ahesabu kwa mwezi, kama wavuvi wanavyohesabu. Naam, giza lililopita, kama wiki tatu nyuma, walikunywa maji ya ziwa kwenye mtumbwi kama siku zote, na yeye akaharisha damu siku nne. Alinunua vidonge dukani, ikaisha, akasahau. Baada ya siku kama kumi jicho likawasha. Halafu goti.

"Na mkojo?" daktari akauliza. Hapo baba mdogo akanitazama mimi. Nikaelewa, nikatoka nje.

Vipimo vilichukua muda. Mimi chuoni nilisoma historia kabla sijaingia kwenye chumba cha habari, na nikiwa na wasiwasi huwa natembea. Nikaenda hadi pale kwenye makumbusho ya Livingstone, kwenye mwembe. Nadhani kila mtoto wa Ujiji amepelekwa pale na mwalimu walau mara moja. Mara hii nilikuwa nawaza magoti.

Hebu tuanze na mwaka 1858, miaka 13 kabla ya Stanley kumkuta Livingstone pale Ujiji. Februari 13 mwaka huo msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, ulifika ukingoni mwa ziwa letu. Vitabu vya shule vinasema "waliligundua". Msomaji wangu anajua hilo lilivyo: Ujiji palikuwa na soko na misafara ya Waarabu na Waswahili tayari, na aliyekuwa akiwafungulia njia na kuwasemea kwa wenyeji ni mtu wetu, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kufikishwa India. Lakini kinachonivutia leo ni hali ya hao wakubwa wawili siku ile. Burton hakuweza kutembea, miguu ilikuwa imemgomea, akawa anabebwa. Speke macho yalikuwa yamevimba, hata ziwa alilosafiri miezi yote hiyo kulitafuta aliliona kama ukungu. Mmoja haoni, mwingine hatembei.

Nilipokuwa chini ya mwembe nikapiga kofi. Macho! Miguu! Si ndiyo habari ya baba mdogo? Tayari nilikuwa naandika kichwa cha habari kichwani.

Basi bwana, hapo ndipo mwandishi anapotakiwa kujizuia. Nilipomweleza daktari baadaye alitabasamu tu. Macho yalikuwa ya mtu mmoja na miguu ya mwingine. Speke alikuwa na matatizo ya macho tangu utotoni. Burton alikuwa na homa kali za mara kwa mara, na alilalamika ganzi na udhaifu wa miguu, si viungo vilivyovimba. Ili ugonjwa huu uitwe kwa jina lake, vitu hivyo lazima vikutane katika mwili mmoja, kwa mpangilio: kwanza maambukizi ya tumbo au ya njia ya mkojo, halafu baada ya wiki moja hadi nne viungo, na pengine jicho. Huwezi kuokota jicho la huyu na goti la yule ukatengeneza ugonjwa.

Hata Livingstone mwenyewe. Alirudi Ujiji Oktoba 1871 amebaki mifupa, anaharisha, na kuhara kulimsumbua hadi kifo chake mwaka 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo. Mwaka 1870 alikuwa amekwama miezi Manyema kwa sababu ya miguu. Tumbo lipo, miguu ipo, mtu ni mmoja. Lakini miguu ile ilikuwa na vidonda vikubwa vya ngozi, si magoti yaliyovimba. Kwa hiyo hapana.

Ila kuna jambo moja lilinikaa. Tunajua kilichowauma Burton, Speke na Livingstone hadi leo kwa sababu waliandika, au waliandikwa. Msafara wa 1858 ulikuwa na makumi ya wapagazi, na walikunywa maji yale yale. Magoti yao nani aliyaandika?

Turuke hadi mwaka 1916, kwa sababu mwaka huo historia ya ziwa letu na historia ya ugonjwa huu zilikuwa kwenye vita moja. Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wakiisogelea Kigoma. Wajerumani, kabla ya kuukimbia mji, waliizamisha meli yao Graf von Götzen ili isichukuliwe. Ndiyo ile ile iliyokuja kuibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwishoni mwa Julai Kigoma ikaanguka.

Mwaka huo huo, Ulaya, daktari wa jeshi la Ujerumani aitwaye Hans Reiter alimtibu ofisa mmoja wa farasi aliyekuwa akipigana upande wa Balkani. Ofisa huyo aliharisha damu, kisha macho yakawa mekundu, mkojo ukawa unawaka, na viungo vikavimba. Upande wa pili wa vita, Wafaransa wawili, Fiessinger na Leroy, nao mwaka 1916 waliandika kuhusu askari waliopata hali hiyo hiyo baada ya kuhara damu. Na hawakuwa wa kwanza kabisa: daktari Mwingereza, Benjamin Brodie, alikuwa ameeleza wagonjwa wa namna hiyo karibu karne moja kabla yao. Lakini jina lililobaki lilikuwa la Reiter, ingawa chanzo chenyewe alikikosea, akidhani ni kijidudu cha jamii ya kaswende. Mwaka 1942 madaktari wawili wa Marekani, Bauer na Engleman, ndio waliolipa jina hilo umaarufu kwa Kiingereza.

Sasa tazama Afrika Mashariki wakati huo huo. Vita ile huku kwetu ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Kama kuhara damu kwa ofisa mmoja wa farasi kulitosha kuzaa ugonjwa wenye jina, je, kwa wapagazi wote wale? Waliopona tumbo na kubaki na goti, bila shaka waliambiwa ni wavivu. Hilo la uvivu ni dhana yangu, lakini ukisoma jinsi wapagazi walivyotendewa hutaiona kuwa dhana ya mbali.

Jina la Reiter nalo lina mwisho wake. Bwana huyo alikuja kuwa Nazi, akaongoza ofisi kuu ya afya ya Ujerumani chini ya Hitler, na alihusika na majaribio ya chanjo ya homa ya taifasi kwa wafungwa wa kambi ya Buchenwald, ambako watu zaidi ya 200 walikufa. Mwaka 1969 alifariki, na mwaka huo huo watafiti wa Finland wakatoa jina jipya kwa viungo vinavyovimba baada ya maambukizi ya mahali pengine mwilini: riaktivu athiraitisi. Mwaka 2007 madaktari kadhaa walichapisha tamko la kulifuta jina la Reiter, na miongoni mwao alikuwemo Engleman mwenyewe, yule wa 1942. Mzee aliishi hadi akarekebisha kosa la ujana wake. Wangapi tunapata bahati hiyo?

Mimi nitauita ugonjwa huu yabisi ya mwitikio, maana ndicho kinachotokea. Kijidudu kimeingia tumboni au kwenye njia ya mkojo. Askari wa mwili wanapigana nacho. Lakini vita ikiisha kule, askari hao hao wanaanza kuvuruga magoti, vifundo vya miguu na macho, mahali ambapo ukichota maji ya goti ukayaotesha maabara, kijidudu hakioti. Ni kama polisi waliomaliza fujo sokoni wakaenda kupiga mabomu mtaa wa pili.

Finland ndiko walikoupata kwa wingi. Mwaka 1944, katikati ya vita, mlipuko wa kuhara damu uliwakumba askari wao, na daktari Paronen akakusanya wagonjwa 344 wenye hali hii. Baadaye, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1966, manowari moja ya Marekani ilikuwa na mabaharia 602 walioharisha damu, na 9 kati yao wakapata ugonjwa huu. Kwa hiyo si kila anayeharisha ataumwa goti, ni wachache. Mwaka 1973 sababu mojawapo ikajulikana: alama ya kurithi kwenye chembe za mwili iitwayo HLA-B27. Wenye alama hiyo wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Na hapa ndipo historia ilipotuacha tena. HLA-B27 ni ya kawaida Ulaya ya kaskazini, lakini ni adimu sana kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, chini ya mtu mmoja katika 100. Kwa hiyo vitabu vikaandika kwamba ugonjwa huu kwa Mwafrika ni nadra. Daktari akifundishwa kwamba kitu ni nadra, hakitafuti. Asipokitafuta hakioni. Asipokiona, kinabaki nadra kitabuni.

Wakati huo huo, maziwa yetu yalikuwa yakipitia nini? Kuanzia mwaka 1979 mlipuko mkubwa wa kuhara damu, ule wa kijidudu kikali kuliko vyote, Shigella dysenteriae aina ya 1, ulianza Zaire ya wakati huo na kusambaa Rwanda, Burundi na hadi Tanzania. Mwaka 1994, kule Goma, wakimbizi karibu 50,000 wa Rwanda walikufa ndani ya mwezi mmoja, kwanza kwa kipindupindu na kisha kwa kuhara damu. Mkoa wetu wa Kigoma umepokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972 na wa Kongo kwa maelfu tangu 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Kijidudu cha Shigella hakihitaji jeshi, vijidudu 10 hadi 100 vinatosha kumwangusha mtu mzima. Weka watu maelfu, choo kimoja, ndoo moja ya maji.

Nisieleweke vibaya. Kipindupindu, kama kile cha Mei 2015 kule Kagunga kilichoua watu zaidi ya 30, hakimo kwenye orodha ya vinavyojulikana kuleta yabisi hii. Orodha ina Shigella, Salmonella, Campylobacter na Yersinia kwa upande wa tumbo, na klamidia kwa upande wa magonjwa ya zinaa.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 madaktari wa Harare, Lusaka na Kigali walianza kuona vijana wengi wenye magoti na vifundo vilivyovimba, wengi wao wakiwa na VVU na bila ile HLA-B27. Kumbe ugonjwa "usiokuwepo" Afrika ulikuwepo, ila sasa ulikuwa na mlango mwingine. Kwa wengine viungo hivyo ndivyo vilikuwa dalili ya kwanza, kabla ya kukonda, kabla ya kikohozi. Ndiyo maana leo daktari makini akiona goti la namna hii anashauri kipimo cha VVU. Haimaanishi kila mwenye goti anacho. Inamaanisha ni vizuri kujua.

Turudi hospitali. Nilipofika, mama mdogo alikuwa ameshakuja, amekaa mwisho wa benchi, khanga ameibana kwenye midomo. Akaniambia kilichokuwa kinamkaba. Baba mdogo alikuwa analalamika mkojo unawaka. Yeye alimsikia msalani usiku. Majirani wakamalizia hesabu: mvuvi, kambi za uvuvi, wanawake wa kambini. "Mwanangu, mimi watoto wanne. Nimeshafunga mizigo. Nasubiri tu apone niondoke, nisije nikaambiwa nimemkimbia mgonjwa."

Nilimwomba daktari aongee nao wawili. Baba mdogo alikubali, na amenipa ruhusa kuandika haya kwa sharti nisimtaje jina. Daktari aliwaeleza taratibu. Mkojo kuwaka katika ugonjwa huu unaweza kuletwa na klamidia, na ndiyo maana wote wawili watapimwa na kutibiwa ikibidi. Lakini mkojo huo huo unaweza kuwaka baada ya kuhara damu tu, bila zinaa yoyote, kwa sababu njia ya mkojo nayo inavimba kama sehemu ya mwitikio ule ule. Ofisa wa farasi wa mwaka 1916 alikuwa hivyo hivyo: tumbo kwanza, mkojo baadaye. Kwa maneno mengine, mkojo unaowaka si hati ya mashtaka.

Mama mdogo hakusema kitu. Aliinuka, akaenda nje, akarudi na chupa ya maji ya dukani, akampa mumewe. Kwa watu wa nyumbani kwetu, hiyo ilikuwa hotuba.

Kuhusu kipimo cha VVU, alipima. Majibu sitayaandika. Ni yake na mkewe.

Sasa, ndugu msomaji, kama umeruka historia yote ukaja hapa, sikulaumu. Haya ndiyo ya kushika.

Ugonjwa huu huwapata zaidi vijana na watu wa makamo, takriban miaka 20 hadi 40. Viungo vinavyovimba huwa vichache, mara nyingi vya miguuni, goti na kifundo, na havilingani: goti la kulia, kifundo cha kushoto. Kisigino huuma hasa asubuhi unapokanyaga chini, pale kano zinapoungana na mfupa. Kidole kimoja cha mguu kinaweza kuvimba chote kama soseji. Kiuno kinaweza kuuma usiku na kukaza asubuhi. Macho yanakuwa mekundu. Mkojo unawaka au kunatoka uchafu kidogo. Wengine hupata vidonda mdomoni visivyouma, au magamba kwenye nyayo. Si lazima vyote vitokee, na wengi hawapati jicho, mkojo na goti kwa pamoja. Ukisubiri vitatu ndipo uamini, utawakosa wengi.

Kuna mambo mawili hayasubiri kesho. Goti moja lililovimba ghafla, la moto, na homa kali, linaweza kuwa na usaha, na usaha unaweza kuharibu goti kwa siku chache. Kisonono pia kinaweza kuingia kwenye kiungo kwa njia hiyo. Ndiyo maana daktari wetu alichoma sindano akavuta maji ya goti la baba mdogo na kuyapeleka maabara kabla ya kusema lolote. La pili ni jicho. Jicho jekundu linalouma ndani, linalochukia mwanga na kuona ukungu si la matone ya dukani. Linaweza kupofuka.

Matibabu yenyewe hayana maajabu. Dawa za kutuliza uvimbe, kwa uangalizi kwa sababu zinaweza kuumiza tumbo na figo. Wakati mwingine sindano ndani ya kiungo, lakini baada ya kuhakikisha hakuna usaha. Ikikutwa klamidia, antibayotiki kwa mgonjwa na mwenzi wake. Kama chanzo kilikuwa tumbo na tumbo limeshapona, antibayotiki zaidi haziondoi goti. Wengi hupona ndani ya miezi mitatu hadi 12. Wachache hubaki nao muda mrefu, au hurudiwa, na hao wanahitaji dawa za kutuliza kinga. Chale hazimo kwenye orodha. Tena chale 14 juu ya goti lililovimba ni milango 14 ya wadudu, na wembe ule umepita kwa nani kabla?

Simlaumu fundi peke yake. Muuza dawa aliona jicho. Shangazi aliona homa. Fundi aliona goti. Majirani waliona mkojo. Kila mmoja alishika kipande chake na kukipa jina. Hakuna aliyepanga vipande kwa tarehe. Hicho ndicho kilichonifanya niandike, maana ndiyo kazi niliyofundishwa chuoni: kupanga matukio kwa tarehe na kuuliza lipi lilitangulia. Daktari yule kijana hakuwa na mashine ya ajabu. Alikuwa na swali la mwanahistoria.

Na nawaza wale wengine. Mpagazi wa 1916, mkimbizi wa 1994, mvuvi wa Katonga au Kibirizi jana. Tumbo limepona, amerudi kazini, halafu goti. Nani alimwuliza?

Jana baba mdogo alinipigia simu. Bado anachechemea, ila alikuwa ufukweni, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Anasema giza lijalo atajaribu. Nikamwuliza maji ya kunywa watabeba nini. Akasema mama mdogo ameshanunua dumu, anachemsha mwenyewe, na ametoa amri: atakayekunywa maji ya ziwa asirudi nyumbani.

Naomba kuwasilisha.